Sungura wa Ipogolo: wameongezeka au wamehama?

Mlinzi wa usiku kwenye kambi ya watalii kando ya mto Ruaha Mdogo atakuapia kwamba sungura wameongezeka. Akimulika tochi saa tano usiku, macho mekundu yanamrudia kutoka kila pembe ya uwanja. Vuka barabara kuu pale Ipogolo, panda vilimani kwa wachungaji, nao watakuapia kwamba sungura wa siku hizi ni wa kutafuta. Naamini wote wawili wanasema kweli. Tofauti iko kwenye nyasi.

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Sungura tunayemfuga bandani anatokana na sungura wa Ulaya, anayechimba mashimo na kuishi kwa makundi. Hubeba mimba siku 30 hivi na kuzaa watoto wasio na manyoya, macho yakiwa yamefumba. Sungura pori wa mashamba yetu, ambaye kwa sehemu kubwa ya nchi yenye nyasi ni yule wataalamu wanayemwita Lepus victoriae, ni mwingine kabisa. Hachimbi shimo. Mchana hujilaza kwenye malalo, kijibonde kidogo ndani ya nyasi ndefu kinachomtosha yeye tu, masikio kayalaza mgongoni, na hatikisiki mpaka mguu wako uwe karibu kumkanyaga. Mimba yake huchukua wiki sita hivi. Watoto, kwa kawaida mmoja hadi watatu, huzaliwa na manyoya na macho wazi, kisha hujificha kimya huku mama akirudi kwa muda mfupi tu kuwanyonyesha. Ukikuta kitoto peke yake majanini, hajatupwa. Mwache hapohapo.

Kwa hiyo sungura pori anahitaji nyasi za aina mbili zilizo jirani: ndefu za kumficha mchana, na fupi, laini, za kulisha usiku. Penye ndefu tupu hali vizuri wala hamwoni adui akija, na penye fupi tupu hana pa kulala. Anaishi mpakani.

Kambi imemtengenezea mpaka huo bila mtu kukusudia. Uwanja wa mahema hufyekwa kila mara, na pembeni vichaka vya mto vimeachwa. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, mvua zetu za msimu mmoja zikiwa zimekatika tangu Aprili au Mei, vilima vyote hugeuka rangi ya udongo, lakini uwanja unaomwagiliwa unabaki kijani. Mlinzi naye, kwa kuwapo kwake tu, anawafukuza mbwa na watega nyaya. Bweha na mondo wanasita kusogea karibu na taa na sauti za watu. Sungura wa eneo pana wanakusanyika hapo, na anayewahesabu anahesabu mvuto wa uwanja ule. Idadi ya sungura wa bonde zima ni jambo jingine.

Vinyungu, bustani zetu za bondeni, vinafanya kazi ileile. Mama mwenye kinyungu cha maharage bondeni anajua kwamba wageni wake wa usiku humwelemea miezi ya kiangazi, kwa sababu mboga yake ndiyo kijani pekee kilichobaki. Kabla ya kumlaumu sungura, aangalie mkato wa shina. Mbuzi hunyofoa na kuacha nyuzinyuzi. Sungura hukata mshazari, safi, kama kwa wembe, na mara nyingi huacha karibu punje za kinyesi za mviringo, kavu, zilizojaa makapi ya nyasi. Ukipanda kwenye majabali na kukuta punje bapa zilizorundikwa mahali pamoja, huenda ni za sungura mwekundu wa mawe. Huyo ni wa jenasi nyingine, anaishi miambani, na mambo ya uwanja wa kambi hayamhusu sana.

Huko vilimani wanakopungua, moto ninauweka mbele ya sababu nyingine. Sungura mzima anaweza kuukimbia, lakini kitoto kilichofundishwa na maumbile kutulia tuli hakiwezi. Na moto ukishapita, malalo yamekwisha. Majani mapya yakichipua kwenye majivu, sungura huyafuata, na hapo wanaonekana wengi kuliko walivyo, kwetu na kwa tai vilevile. Baada ya moto huja mbwa na nyaya, ingawa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Kuna na barabara yenyewe. Malori ya Dar es Salaam na Tunduma yanapita Ipogolo usiku kucha, kingo zake hufyekwa fupi, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami huzilisha nyasi zake. Sungura anashuka kula, taa zinampumbaza, anakimbia mbele ya gari badala ya kando.

Sensa ya wanyamapori inayofanywa kwa ndege inahesabu tembo na nyati. Sungura haonekani kutoka angani. Kule Kanada, vitabu vya biashara ya ngozi vya Kampuni ya Hudson's Bay viliwaonyesha wanasayansi kwamba sungura wa theluji huongezeka na kuporomoka kwa mzunguko wa karibu miaka 10. Sisi hatuna vitabu vya namna hiyo, ila kambi inaweza kuanzisha daftari lake. Chagua njia moja inayopita uwanjani na nyingine mbali na taa. Zipite usiku wa mwezi mchanga, saa ileile, kila mwezi, uandike uliowaona. Wakipanda uwanjani kiangazi huku wakishuka kule nje, kisha mambo yakageuka mvua zikianza, wamehama tu. Wakishuka kote kwa miaka miwili mfululizo, hapo kuna tatizo.

Tatizo mojawapo ninalolihofia ni ugonjwa wa virusi unaowatoa sungura damu ndani ya mwili. Uligunduliwa China mwaka 1984 kwa sungura wa kufugwa. Aina yake ya pili, iliyoonekana Ufaransa mwaka 2010, inashambulia na sungura pori, na mwishoni mwa 2022 ilizuka Afrika Kusini na kuua sungura wa porini. Binadamu haambukizwi, lakini virusi hudumu muda mrefu kwenye mzoga, na husafiri kwa nzi, kwa nguo na kwa majani yaliyokatwa. Mfugaji wa Ipogolo anayewakatia sungura wake majani bondeni, akiona sungura pori kadhaa wamekufa bila jeraha, asiwashike kwa mikono mitupu wala asiwalishe mbwa. Aache kukata majani upande huo, na amwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.