Istilahi za Kusakinisha na Kujaribu Programu za Simu: Mfano wa Kanduyi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyotaja hatua anazozipitia mtu aliyejiundia programu ya simu. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kanduyi, pale njia ya Bungoma mjini inapokutana na barabara kuu iendayo Malaba.

Katika simu za Android, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012, sehemu ya wasanidi imefichwa. Hufunuliwa kwa kuigusa mara saba namba ya muundo wa mfumo. Hapo simu huweza kupokea programu kutoka kwenye kompyuta kwa njia ya waya. Sharti programu iwe imetiwa sahihi ya kidijiti, kwani mfumo hulikataa toleo jipya ambalo sahihi yake haiafikiani na ile ya awali.

Vitenzi viwili hapa aghalabu huchanganywa. Kupakua, kwa asili, ni kutoa chakula chunguni. Kusakinisha kunatokana na sakini, yaani kukaa mahali, neno lenye asili moja na maskani. Mwanafunzi huyu hapakui kitu, maana chakula kakipika mwenyewe. Anachofanya ni kuipa programu makao.

Utata mkubwa zaidi huzuka anapompa mwenzake faili ili naye aijaribu. Simu humwonya mwenzake kwamba programu hiyo haijulikani. Na tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa hutolewa kwa kila programu inayoleta faili, wala si mara moja kwa simu nzima. Onyo hilo lina faida, kwa kuwa hatari ya programu za wadanganyifu ni ya kweli. Hata hivyo neno lenyewe halisemi kweli: aliyeiunda anajulikana, ameketi naye benchi moja. Kinachokosekana si kujulikana bali ni kupitia dukani. Istilahi "programu ya nje ya duka" ingemwonya msomaji bila kumpotosha.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, ukathibitisha kwamba lugha hii yaweza kuyabeba maarifa ya kompyuta. Lililobaki kwa wanaisimu ni kuzipima istilahi mikononi mwa watumiaji, kama vile programu zenyewe zinavyojaribiwa kabla ya kusambazwa.