Niru haizibi tanki linalovuja

Kila mvua zinapokatika Mpanda, swali hunifikia lile lile: "Injinia, tanki langu la chini linapoteza maji. Ninunue mifuko mingapi ya saruji tupige niru?" Muulizaji hajapima kitu. Hajui maji yanashuka kiasi gani kwa usiku mmoja wala yanatokea wapi, ila hesabu ya mifuko anaitaka leo leo, kwa sababu fundi ameshafika.

Usinunue hata mmoja. Nimeshalisema hili kwa mdomo mara nyingi, sasa naliandika.

Niru ni uji wa saruji na maji, unene wa milimita moja au mbili. Kazi yake ni kulainisha lipu, basi. Kwa kuwa haina mchanga, husinyaa sana ikikauka, na kwa jua la Septemba na Oktoba hukauka kabla saruji haijashika sawasawa. Inapasuka yenyewe, tanki halijatiwa hata ndoo moja. Na hata ikipigwa kwa ustadi na kumwagiliwa, haivutiki. Ukijenga bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, ardhi huvimba masika na kupasuka kiangazi. Ukuta wa tanki husukumwa Januari, huachiwa Septemba, na ufa hufunguka na kujibana kwa kufuata majira. Utando mgumu ukipakwa juu ya ufa unaocheza hukatika palepale ulipokatika ukuta.

Tena masika, ardhi ikishiba maji huku tanki limeshuka, maji ya nje husukuma kuingia ndani, na niru hubanduka vipande vipande. Yanayoingia si ya mvua tu. Kama shimo la choo liko jirani, umekaribisha kipindupindu na homa ya matumbo jikoni kwako. Hili linanikera kuliko pesa ya saruji iliyopotea.

"Mbona kwa jirani ilikubali?" Ilikubali kwa sababu zisizohusiana na niru. Ufa mwembamba sana, wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unaweza kujiziba ukikaa ndani ya maji wiki kadhaa: chokaa iliyomo kwenye saruji huyeyuka na kuganda humo. Jirani angeliacha tanki lake limejaa, angepata matokeo yale yale bila gharama. Mwingine ufa wake uko juu, karibu na mfuniko. Tangu apige niru maji hayajawahi kufika pale, naye anatangaza mtaani kwamba amepona. Asubiri tanki lijae.

Wapo pia wanaotia sabuni, sukari au oili chafu kwenye mchanganyiko. Sukari huchelewesha saruji kushika. Sabuni huijaza vitundu vya hewa. Oili chafu ni sumu, na maji hayo ndiyo yanayopikiwa uji wa mtoto. Acheni.

Pima kwanza. Funga koki ya kuingizia, zima pampu, chora mstari kwa msumari usawa wa maji, funika, subiri saa 24. Tanki lililofunikwa vizuri halipunguzwi na jua, kwa hiyo maji yakishuka, yamevuja. Tanki la mita 3 kwa 2 likishuka sentimita 2, zimekwenda lita 120, madumu sita. Kwa mwezi ni zaidi ya uniti tatu na nusu. Lisiposhuka, liache tanki: kama mita inazunguka huku koki imefungwa, bomba la kutoka mita limepasuka, kama haizunguki, kagua floti, huenda haifungi na maji yanapita bomba la ziada usiku kucha. Likishuka, liache lishuke mpaka lisimame. Pale liliposimama ndipo penye tundu, na mara nyingi utakuta bomba linapita ukutani hapo. Lisiposimama, tafuta sakafuni na kwenye kona za chini: maji yakitulia, dondoshea rangi ya chakula taratibu karibu na ufa uone inavutwa wapi. Mwenye bwawa la kuogelea lililo wazi aweke ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja.

Usimshushe mtu peke yake kwenye tanki lililofungwa muda mrefu, wala usiwashe pampu ya petroli humo. Watu hufa.

Fundi anayetaja bei kabla ya kupima, mwache aende. Mwombe akuonyeshe tanki alilolitengeneza ambalo limepita masika na kiangazi, uzungumze na mwenye nyumba. Ufa uliotulia uchongwe kina cha sentimita mbili, usafishwe, ujazwe mchanganyiko usiosinyaa, kisha upakwe zuio la maji linalovutika, tabaka mbili, lililoandikwa kuwa linafaa kwa maji ya kunywa na ambalo muda wake haujaisha. Likikosekana Mpanda, agiza Mbeya au Dar es Salaam. Palipopita bomba pachimbuliwe na kujengwa upya. Ufa unaocheza kila msimu, weka simtanki juu ya ardhi uachane na shimo. Shule na hoteli zitafute mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB).

Bakiza theluthi ya malipo. Tanki lijazwe, likae siku saba ukuta ufyonze, lijazwe tena mpaka mstarini, lipimwe siku saba nyingine. Maji yakishuka chini ya mstari, fundi arudi kazini, na theluthi yake ibaki mfukoni mwako.