Wanafunzi Wazurupo Ngome ya Yesu

Leo twaeleza ziara ya wanafunzi katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Sasa ni jumba la makumbusho.

Mwalimu asihutubie tu. Awaache watoto wapime ukuta kwa hatua, kisha awaulize: Mizinga hii ilielekea wapi? Ni nani aliyeogopwa?

Nanyi wazazi, mtoto arudipo, mwulizeni: Je, wazee wetu walikuwa upande gani wa ukuta huo? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kwaherini.