Filamu ya Jengo Moja: Kweli au Uongo?

Jioni moja pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, kijana mmoja alituambia kuna Mmarekani aliyepiga filamu ya jengo moja tu, muda wa saa nane, bila sauti. Baraza zima likaangua kicheko. Filamu ipo: inaitwa Empire, ya Andy Warhol, na jengo ni Empire State la New York. Ila yaliyosemwa baada ya kicheko yalihitaji kuchujwa.

"Haina sauti kwa kuwa zamani filamu zilikuwa bubu." Uongo. Ilipigwa 1964, na filamu zenye maneno zilikuwapo tangu miaka ya 1920. Kamera yenyewe, aina ya Auricon, iliundwa kunasa sauti pamoja na picha. Kimya kilichaguliwa.

"Aliiwasha kamera, akaenda zake kulala." Uongo. Usiku wa 25 Julai kuamkia 26, kundi dogo lilikesha ghorofa ya 41 ya jengo la Time-Life. Wazo lilikuwa la John Palmer; kamera aliishika Jonas Mekas. Mkanda ukiisha wanatia mwingine, na mara chache walianza kupiga kabla ya kuzima taa ya chumbani, sura zao zikaonekana kwenye kioo cha dirisha. Basi hata anayesema hamna mtu ndani yake hakuitazama.

"Kamera ilizunguka saa nane nzima." Hapa pana chumvi. Walianza saa mbili na dakika 6 usiku, wakamaliza saa nane na dakika 42. Hata saa saba hazikutimia. Walinasa picha 24 kwa sekunde, wakazionyesha 16, ndipo filamu ikafika saa 8 na dakika 5.

"Hakuna kinachotokea." Hili ndilo lililonikera. Mwanzoni unaona weupe mtupu, kisha giza likiingia jengo linajitokeza polepole. Mara taa za kumulika ghorofa za juu zinawaka! Karibu na mwisho zinazimwa, na jengo linabaki kama limeondoka. Sisi tunaokaa barazani toka magharibi mpaka isha, tukiona ukuta wa ngome ukigeuka rangi mbele ya macho yetu, tulicheka nini hasa?

"Inachosha." Kweli. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Machi 1965, wako waliodai warudishiwe kiingilio. Siwalaumu.

Kijana akasema basi yeye ataipiga ngome yetu kwa simu. "Ile ya Wareno?" akauliza mmoja. Uongo, tena wa nyumbani! Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman, ikakamilika mnamo 1821. Wareno walikuwa wamefukuzwa Mombasa tangu 1729. Tena kijana akumbuke, ngome hiyo ilikuwa gereza hadi 1984: wako watu waliozitazama kuta zake kwa miaka, kutoka upande wa ndani.