Wadudu wa Upemba, Kabati la Ubelgiji

Mdudu mkavu kwenye sindano, na chini yake kikaratasi kisichozidi ukucha: Hifadhi ya Upemba, Mabwe, mita 585, msafara wa G. F. de Witte. Mabwe iko kando ya Ziwa Upemba, katika Katanga, kusini mwa Kongo. Mdudu yuko Ubelgiji, katika makabati ya makumbusho ya Brussels au Tervuren.

Gaston-François de Witte alikuwa bingwa wa nyoka na vyura. Hata hivyo, kati ya 1946 na 1949 msafara wake ulikusanya karibu kila kinachotambaa na kuruka ndani ya hifadhi hiyo, iliyoanzishwa 1939. Mabingwa wengine waligawana mzigo, huyu mende, yule mchwa, na vijitabu vyao vikaendelea kuchapishwa miaka mingi baadaye. Wenyeji walioshika nyavu hawatajwi kwenye kikaratasi.

Lakini kikaratasi hicho ndicho chenye thamani. Kipepeo asiye na mahali wala tarehe ni pambo. Mwenye navyo ni shahidi. Maji ya mto Lualaba hupita karibu na Kolwezi, mji wa migodi, kisha hushuka kaskazini hadi maziwa ya Upemba. De Witte alikusanya kabla bwawa la Nzilo halijauziba mto mwaka 1952, na miongo kadhaa kabla kobalti haijaanza kugombaniwa kwa ajili ya betri za magari. Watoto wa kereng'ende hukulia majini, konokono hawana pa kukimbilia. Anayetaka kujua migodi imeyafanyia nini maji haya atahitaji kujua kwanza nani waliishi humo zamani.

Ujuzi mwingine uko sokoni. Mama anayeuza vinkubala, viwavi wa kuliwa, hujua kila aina hutoka mti gani na msimu gani. Mtaalamu naye hulazimika mara nyingi kumlea kiwavi mpaka awe nondo, ndipo amlinganishe na wa makumbusho na kumpa jina. François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, alichapisha pamoja na G. Parent mwaka 1980 utafiti juu ya viwavi wanaoliwa kusini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Bila wauzaji na wachumaji, sidhani kazi ile ingefika mbali.

Siku hizi makumbusho ya Ubelgiji huweka picha za vielelezo kwenye intaneti. Ni msaada mkubwa, ila spishi nyingi hutofautishwa kwa viungo vidogo vya ndani, vinavyohitaji darubini na mdudu mwenyewe mezani. Mwanafunzi wa Kolwezi anayemtaka mdudu wa Mabwe bado ataanzia kwenye foleni ya viza.