Mkao wa Mpanda Farasi Huanzia Akilini

"Visigino chini! Mabega nyuma! Kidevu juu!" Kelele hizi husikika kila mahali panapofundishwa kupanda farasi, na mwanafunzi hujitahidi kuzitii zote kwa wakati mmoja. Akikaza mabega, magoti yanabana tandiko. Akilegeza magoti, mgongo unajikunja. Mwishowe mwili mzima unakakamaa, na farasi, mnyama ambaye ngozi yake humhisi hata nzi akitua, anabeba mkazo huo wote.

Sally Swift, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1913, alizijua taabu za mkao tangu utotoni kwa sababu uti wake wa mgongo ulipinda upande. Alipata msaada kwa Mabel Todd, mwalimu aliyeshikilia kwamba fikra inaweza kuubadilisha mwili. Swift alipostaafu, akiwa na zaidi ya miaka 60, aliyageuza mafunzo hayo kuwa njia ya kupanda farasi, na mwaka 1985 akatoa kitabu chake, *Centered Riding*. Hakumwamuru mwanafunzi anyooshe mgongo. Alimtaka ajione kuwa mti: kutoka kiunoni mizizi inashuka kupitia miguu, na kutoka hapo hapo shina linapanda juu. Alimfundisha pia kupumua hadi tumboni na kutazama bila kukodoa macho, ili aone uwanja wote badala ya masikio ya farasi tu.

Sayansi ina la kusema hapa. Tangu miaka ya 1990, mtafiti Gabriele Wulf ameonyesha kwamba mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi akili yake ikielekea kwenye matokeo ya mwendo huo kuliko kwenye kiungo chenyewe. Anayejaribu kuusimamia kila msuli huvuruga kazi ambayo neva huifanya zenyewe. Naamini hapo ndipo penye nguvu ya ule mti wa Swift: taswira moja huupanga mwili mzima, na mpandaji hana haja ya kuhesabu viungo.

Hofu ya mpandaji nayo haifichiki kwa farasi. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden waliwaambia watu waliopanda au kuongoza farasi kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla watakapopita. Haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hawakuwa na habari yoyote ya mwavuli.

Mazoezi ya akili yanafanyika hata nyumbani. Kaa kwenye kiti kigumu, uhisi mifupa miwili ya makalio imebeba uzito sawasawa. Fumba macho, pumua taratibu, kisha panda farasi wako akilini kwa mwendo wake halisi: sikia kwato, hisi hatamu vidoleni, acha nyonga zifuate mgongo wake. Jione ukiwa juu ya tandiko, usijitazame kwa mbali.

Lakini usiliache tandiko. Mwaka 1992 watafiti Yue na Cole walipima nguvu za kidole kidogo baada ya wiki 4 za mazoezi. Waliokikaza kidole kwa mawazo tu waliongeza nguvu kwa asilimia 22. Waliokikaza kweli, asilimia 30.