Saa Moja Asubuhi Juu ya Dunga

Mtoto wa darasa la pili akisimama kwenye ufuko wa Dunga, Kisumu, maji yakimlowesha vidole vya miguu, upeo wa macho yake juu ya Ziwa Victoria hauzidi kilomita 4. Mzazi aliye kando yake huona mbele kidogo, kilomita 4 na nusu hivi, kwa kuwa macho yake yako juu zaidi. Wapandishe wote wawili mita 300 kwa helikopta na upeo huo husogea hadi kilomita 62, kwa sababu dunia ni mviringo na aliye juu huona nyuma ya mpindo wake. Hapo Ghuba ya Winam, ambayo ukiwa chini ni maji tu yanayoishia mbinguni, hupata umbo: Kisiwa cha Ndere upande wa magharibi, Mlima Homa ng'ambo ya kusini, tambarare za Kano mashariki, na miinuko ya Nandi ikisimama nyuma ya mji.

Watoto wengi wa Kisumu wanaijua helikopta kwa siasa: vumbi linatimka, kofia zinaruka, mheshimiwa anashuka akipunga mkono. Kuipanda kwa matembezi ya familia si jambo la kila siku, na si rahisi mfukoni, hasa kwa kuwa helikopta nyingi za kukodi nchini Kenya zina makao yake Wilson, Nairobi. Familia iliyojichanga likizo ya Agosti au Desemba ikaweza kuikodi inastahili kuifaidi. Kwangu mimi, kitakachoamua kama itaifaidi ni saa ya kuruka, kuliko aina ya ndege au urefu wa safari. Iwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi.

Mvuvi wa tanga pale Dunga hahitaji kuelezwa sababu. Yeye hutoka kabla ya mapambazuko akisukumwa na upepo wa nchi kavu, akarudi mchana upepo wa ziwa ukiwa mgongoni. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo hewa nzito ya baridi huteremka kutoka Nandi na kumwagika ziwani. Jua likipanda, ardhi nayo huwaka upesi, hewa juu yake hupaa, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha utulivu, na helikopta ndogo hukipenda kama mtumbwi unavyopenda maji yaliyolala. Ikifika saa tano hivi, hewa ya kupanda na kushuka imeanza kuichezea ndege, na mtoto aliyekunywa chai ya maziwa na mandazi matatu ataanza kunyamaza.

Kuna pia suala la uzito wa hewa yenyewe. Pangaboi hubeba helikopta kwa kuisukuma hewa chini, na hewa ikiwa nyepesi, pangaboi lina kidogo cha kusukuma. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa ya Dunga huwa nyepesi kuliko ya Mombasa yenye joto hilohilo kwa takriban asilimia 13, na helikopta hufanya kazi kana kwamba iko karibu mita 2,000. Ndiyo maana rubani makini humpima kila abiria uzito, mtoto pia, hata mama akiona haya mbele ya wakwe. Helikopta aina ya R44 ina viti vinne, kimoja cha rubani. Familia ya watu watano haitoshi humo, na wala mtoto asipakatwe ili atoshee. Kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake.

Halafu kuna ndege wenye manyoya. Korongo aina ya marabu, ambao watu wa Kisumu wamezoea kuwaona juu ya miti na kwenye majaa, hufikia kilo 9, na mabawa yao yakinyooshwa hupita mita 2 na nusu. Mwili mzito hivyo hauruki bure. Marabu husubiri jua lipashe ardhi, kisha hupanda juu ya hewa moto akizunguka bila kupiga bawa. Mapema asubuhi bado amesimama, shingo kaikunja. Kufikia saa nne na kuendelea, anga ambayo helikopta ingetumia inakuwa na wenyewe.

Mchana mambo huzidi. Upepo wa ziwa hupanda miinuko ya Nandi, ukakutana na pepo za mashariki, na mawingu hupaa yakawa minara. Hiyo ndiyo mvua ya alasiri ya Kisumu, na hiyo ndiyo mvua ya mawe inayopiga majani ya chai Kericho na Nandi Hills, sehemu zinazojulikana duniani kote kwa mvua hiyo. Usiku mzunguko hugeuka na dhoruba hujengeka juu ya ziwa lenyewe, zikaua wavuvi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliendesha mradi wa HIGHWAY pamoja na idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki hasa kwa ajili ya kuboresha maonyo juu ya dhoruba hizo. Taarifa inayomsaidia mvuvi kuamua kutoka au kubaki ndiyo hiyohiyo inayomfaa mzazi kabla ya kulipia safari. Rubani akisema leo hatuendi, ashukuriwe.

Anga ya hapa imezoea wageni wa namna hii tangu zamani. Mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipoanza safari za kutoka London hadi Mwanza, Kisumu ilikuwa kituo, na ndege zenye tumbo la mashua zilitua majini. Abiria wake waliiona ghuba kabla ya gugumaji. Leo ndilo jambo la kwanza ambalo mtoto hulinyooshea kidole.

Kutoka juu, gugumaji huonekana kama nchi kavu. Ni zulia la kijani lenye kingo kali, na mtoto huuliza mbona hakuna nyumba pale. Dakika chache baadaye huona zulia lina ufa, na ndani ya ufa mashua inajipenyeza, wavuvi wakisukuma kwa pondo. Mwaka 1998 mmea huu, uliotoka Amerika Kusini, ulifunika takriban hekta 17,000 za ghuba. Watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, walikuwa wameachilia fukusi wa jenasi ya Neochetina, wanaoula na kuulemaza, na pamoja na mawimbi na mvua za El Niño eneo hilo likapungua sana, ingawa halikwisha. Upepo huusukuma huku na huku, hivyo pwani iliyofungwa jana inaweza kuwa wazi leo.

Mfundisheni mtoto kutenganisha rangi. Kijani cha gugumaji kina kingo. Kijani cha mwani hakina. Kimekorogeka ndani ya maji, dalili ya mbolea na maji taka. Kahawia inayotoka kusini mashariki ni udongo wa mashamba, umeletwa na Mto Nyando. Akiiona mara moja akiwa juu, hadithi ya mmomonyoko wa udongo iliyo kwenye kitabu chake cha shule imekwisha kuelezwa. Akibahatika siku chache baada ya mwezi mwandamo, ataona pia nguzo nyeusi zikipanda kutoka majini, ambazo mgeni hudhani ni moshi. Ni sami, wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa mabilioni na kujamiiana hewani. Rubani azizunguke.

Mwili wa mtoto una masharti yake. Masikio hayana tatizo kubwa kwa kimo hicho: kupanda mita 300 si tofauti sana na matatu kupanda kilima cha Riat. Kelele ndiyo adui. Hedifoni za watu wazima humpwaya mtoto, sauti ikapenya pembeni, kwa hiyo ulizeni mapema kama zipo za kimo chake. Kichefuchefu huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12, kwa sababu sikio la ndani linaripoti mwendo ambao macho yaliyoinamia simu hayauoni. Simu ifungwe, macho yaende kwenye Mlima Homa. Juu ya maji kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha tangu kabla ya kupaa.

Hatari kubwa kuliko zote iko chini. Pangaboi dogo la mkiani likizunguka halionekani kabisa, na mtoto hupenda kukimbia. Ashikwe mkono, apite mbele ambako rubani anamwona, asiende nyuma hata kofia ikipeperuka.

Jambo moja nitalisisitiza kwa uzito wote. Kinamasi cha Dunga, takriban hekta 500 za mafunjo, ni makao ya ndege wasioishi kwingine ila ndani ya mafunjo, akiwemo tiva wa mafunjo mwenye kifua chekundu, na ya nzohe, swala wa majini aliyebaki hapa kwa uchache mno. Helikopta ikishuka kuwapa watoto picha nzuri, inawafurusha viumbe hao kutoka kwenye viota na maficho. Mwambieni rubani abaki mita 300 au zaidi juu ya mafunjo. Anayetaka kuwaona kwa karibu atashuka, ale kiamshakinywa, aende kwenye njia ya mbao ya Dunga na mwongoza watalii wa hapo, atembee taratibu.

Mchana, mkiwa nyumbani, mpeni mtoto karatasi achore gugumaji lilikuwa wapi. Kisha tafuteni picha za setilaiti za Sentinel-2, zinazotolewa bure. Setilaiti hizo hupita juu ya Winam yapata saa tano na dakika kumi asubuhi, saa iliyochaguliwa kwa sababu jua limeshapanda na mawingu ya mchana hayajajaa. Mchoro na picha vikitofautiana, mwulizeni upepo ulikuwa unatoka wapi.